Ngonjera ya Muhuri

Nchi yetu haina uchoyo wa sifa. Mkuu wa wilaya akija kuzindua kisima, watoto wa shule ya msingi hupangwa juani tangu asubuhi ili wamsomee ngonjera. Mwenge wa Uhuru una mbio zake kila mwaka na wakimbizaji wenye sare, na mahali unapopita mawe ya barabarani hupakwa chokaa kwa heshima yake. Hata kisima huwekewa jiwe lenye jina la mgeni rasmi, na mara nyingi jiwe hudumu kuliko maji. Ila yupo mtumishi mmoja wa umma ambaye hajaimbiwa hata ubeti mmoja. Hana mshahara wala pensheni, hajawahi kupelekwa semina Dodoma, na bado hakuna jambo la mwananchi linalokwenda bila yeye. Namsemea muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa.

Nimeishi chini ya himaya yake miaka mingi hapa Morogoro, mji kasoro bahari kama tunavyouita wenyewe. Milima ya Uluguru tunayo, maji ya mlimani tunayo siku yakipenda kutoka, na siku hizi treni ya umeme inasimama kwetu. Muhuri umevizidi vyote hivyo kimo. Umbo lake halitishi: kipini cha plastiki kilichopasuka kikafungwa raba, na uso wa mpira uliolika hadi mtaa wetu, kwenye karatasi, husomeka umepungukiwa herufi mbili. Ni mpole. Hausengenyi. Haujali chama cha mtu. Katika maisha yake yote haujawahi kuomba chai. Wanaoomba ni wanaoushika. Hayo ni mema madogo, nayapita haraka, maana sifa kuu ya muhuri ni elimu yake. Muhuri unawajua watu.

Anayebisha na aende akaombe barua ya utambulisho. Atasalimia, atakaa kwenye benchi, na zamu yake ikifika mwenyekiti atamtazama usoni kwa wema mkubwa na kumuuliza, "Mzee wangu, jina lako nani vile?" Atalitaja. "Na unakaa upande gani?" Nyuma ya msikiti, karibu na mashine ya kusaga. "Aa, kwa nani pale?" Kwangu mwenyewe, mwenyekiti, nimejenga. "Oho! Tangu lini?" Baada ya mahojiano hayo mwenyekiti atachukua kalamu na kuandika, bila kusita, kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wake, anamfahamu vizuri, ana tabia njema, na apewe msaada unaostahili. Mpaka hapo ni maneno tu ya mtu aliyekutana na mwenzake muda si mrefu. Kisha muhuri unapuliziwa pumzi ya moto, haaa, kwa sababu wino umekauka, unashuka mezani kwa kishindo, na papo hapo maneno yanageuka kweli. Mwenyekiti sasa anamfahamu.

Jambo hili lina ukubwa ambao watu hawauoni. Mama yangu alinijua kabla sijajijua. Alijua homa zangu, uongo wangu, na siku niliyouza kuku wake nikasingizia kicheche. Akienda benki kunithibitisha, mlinzi atamsindikiza nje kwa adabu. Jirani yangu wa mkono wa kulia anajua kwamba nakoroma, narudi saa ngapi na nadaiwa na nani, lakini ushahidi wake hauna thamani kaunta. Muhuri, ambao haujawahi kuja kunijulia hali hata nikiugua, ukisema kwamba mimi ni mimi, akaunti inafunguliwa. Wala ujuzi wake hauhitaji muda. Mpangaji aliyeshusha godoro kutoka kwenye guta jana jioni, leo saa nne asubuhi muhuri umeshamjua na tabia yake umeshaipima ukaiona njema. Wapo wanaume mtaani kwetu ambao wake zao wangependa kuleta marekebisho marefu kwenye kifungu hicho cha tabia, hawaulizwi. Ndugu zangu watafiti mnahangaika kutafuta elimu mbali. Hapa mkoani kwetu kuna Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya watawala wa serikali za mitaa, na sijasikia kwamba kimefungua idara ya kuchunguza namna kipande cha mpira kinavyohifadhi wasifu wa maelfu ya watu bila umeme wala intaneti.

Serikali imejaribu kuuletea muhuri washindani, tena kwa gharama. Kilikuja kitambulisho cha taifa: vidole vikachukuliwa alama, uso ukapigwa picha, mtu akapewa namba yenye tarakimu 20 zinazoanza na tarehe yake ya kuzaliwa. Januari 2020 laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa, mashangazi wa vijijini wakapotea hewani. Mwaka 2022 zikaja anwani za makazi, barabara zikapata majina na milango ikapata namba. Agosti ya mwaka huo huo karani wa sensa akaketi barazani kwangu akaniuliza natumia choo cha aina gani, na nilimjibu. Kwa hiyo dola inajua kidole changu, sura yangu, mlango wangu na choo changu. Kuna jambo moja tu ambalo haijaridhika nalo: kama nipo. Hilo inaniagiza nikauulize muhuri. Na fomu ya kuombea kitambulisho cha taifa hutaka muhuri wa mtaa, ilhali ofisi ya mtaa, ukienda kuomba barua, hutaka kopi ya kitambulisho cha taifa. Mwenye stesheneri jirani na ofisi, anayetoa kopi hizo, amepaua nyumba yake kwa mzunguko huu. Simlaumu.

Muhuri pia unapenda kutembea. Haulali ofisini, kwa sababu ofisi yenyewe ni chumba cha kupanga chenye kufuli ambalo kila mtu anajua linavyofunguka. Unalala kwenye mfuko wa koti la mwenyekiti au kwenye mkoba wa mtendaji, na wanapokwenda wao ndipo serikali ilipo. Nimegongewa muhuri dukani. Nimegongewa kijiweni kwa muuza kahawa. Nimegongewa juu ya tangi la pikipiki, nikishikilia karatasi isipeperuke. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na mimi yamenifikia mpaka barabarani.

Mwenyekiti mwenyewe, nitende haki, si tajiri. Mtendaji ndiye mwajiriwa. Mwenyekiti anachaguliwa, halafu anaishi kwa posho ambayo hutegemea halmashauri imeamkaje. Ukimkuta dukani kwake anapima misumari, mwache, muhuri haulishi watoto. Au hulisha kidogo: elfu mbili ya "karatasi", elfu tano ya "usumbufu", na kiwanja kikiuzwa, ile asilimia kumi maarufu ambayo hakuna aliyewahi kunionyesha sheria yake. Mwaka 2017 wenyeviti wa mitaa wa Dar es Salaam walipozuiwa kutumia mihuri, zogo lilikuwa kubwa, na haikuchukua muda mrefu wakaruhusiwa kuendelea nayo. Kilio cha posho ni cha zamani zaidi, na hakijawahi kujibiwa kwa kasi hiyo.

Sasa naomba niiweke ngonjera chini kidogo.

Kuna kijana wa bodaboda, si mbali na kwangu. Aligombana na abiria, wakafikishana polisi, Ijumaa akapandishwa kizimbani. Dhamana ilikuwa wazi. Sharti lilikuwa mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa. Mjomba wake ni mwalimu. Ana kitambulisho cha kazi, ana kitambulisho cha taifa, na nusu ya vijana wa mtaa huu yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Barua hakuwa nayo. Mwenyekiti alipopigiwa simu alikuwa msibani Kilosa. Na muhuri je? "Ninao hapa mfukoni, mwalimu wangu. Jumatatu asubuhi na mapema, Mungu akipenda." Alisema kwa upole kabisa, ni mtu mwema, na msiba ulikuwa wa kweli. Kijana akalala mahabusu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mama yake alikaa kibarazani kwa ofisi iliyofungwa mpaka magharibi, tulipomwambia twende nyumbani akasema labda mtendaji atapita. Mtendaji hakupita. Siku tatu za mtu zilikwenda kwa sababu kipande cha mpira kilikwenda kuzika, na hakuna aliyeona kwamba kuna cha kueleza. Jumatatu barua ilitoka, imeandikwa kwamba mwenyekiti anamfahamu mwalimu vizuri. Alimuuliza jina mara mbili. Karani aliyeipokea hakuisoma. Alitupa jicho chini ya ukurasa kuona kama duara lipo, akaifungia ndani ya faili.

Kumbe katika mnyororo wote huu hakuna anayetaka kumjua mtu. Benki haina shida na unakokaa, inataka karatasi ya kuonyesha siku utakapotoroka na mkopo. Mwajiri hali kadhalika. Mwenyekiti anaandika kwa sababu barua imetakiwa, aliyeitaka anaipokea kwa sababu imegongwa, na mambo yakiharibika kila mmoja atasema kwa sauti kavu kwamba barua ilikuwepo. Balozi wa nyumba kumi wa enzi zile, pamoja na umbea wake na tabia yake ya kufika wakati wa chakula, alikujua kweli. Alijua nani ana mgeni, nani amefiwa, nani hajawasha moto tangu juzi. Ujuzi ule ulikuwa unaudhi, tena sana, lakini ulikuwa ujuzi.

Nasi wakazi tusijitoe. Mkutano wa mtaa ukiitishwa ili tusomewe mapato na matumizi, waliohudhuria hutosha kwenye bajaji mbili, na mmoja wao huwa amekuja kuulizia barua yake. Novemba 27, 2024, siku ya kuchagua wenyeviti, wengi tulikuwa na shughuli. Wengine walisema hawaoni haja, kwa kuwa majina ya wapinzani yalikuwa yameenguliwa mapema katika sehemu nyingi, na waliosema hivyo hawakukosea. Matokeo yalipotangazwa chama tawala kilikuwa na zaidi ya asilimia 98 ya mitaa yote nchini. Mtu aliyepata kiti kwa njia hiyo alazimike kunijua jina kwa sababu gani? Anamjua aliyempitisha kwenye chama, na huyo anamtosha. Waliobaki muhuri utamjulia.

Lakini nimeshaonywa nyumbani nisije nikaharibu uhusiano, kwani mwanetu anatafuta mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi mwaka uliofuata, na kikundi chao hakiwezi hata kufungua akaunti kabla muhuri haujakiri kwamba unakijua. Basi nimalizie sifa. Muhuri hufundisha kushirikiana. Juzi juzi pedi ya wino ilikauka kabisa, hata pumzi za mwenyekiti hazikufua dafu. Kipaza sauti kikapita mtaani: kila kaya ichangie shilingi elfu moja ya wino. Nilikuwa miongoni mwa wa mwanzo kutoa, nikapewa risiti ya mkono kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Jana nimekwenda kuiandikisha barua ya kikundi ili wino ukinunuliwa isichelewe. Mtendaji akaniambia wanaoandikwa ni waliochangia tu. Nikatoa risiti kwa kujiamini. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia kwa masikitiko ya dhati.

"Mzee wangu," akasema, "hii haina muhuri."