Namna ya Kunukuliwa Sana Bila Kutoa Jasho

Unataka jina, ndugu yangu, na hakuna ubaya. Nani asiyependa kuona kazi yake ikitajwa na wenzake? Sogea nikupe njia za mkato za uchocheaji asimetriki, fani ya kutengeneza sura moja tu ya molekuli. Kila moja nitakwambia inakofikia, maana fani hii naipenda na wewe sikutakii aibu.

1. Kaa kwenye kivuli cha wakubwa. Molekuli nyingi zina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mwili huzitofautisha. L-dopa huwasaidia wagonjwa wa Parkinson. Pacha wake hawafai kitu. William Knowles wa kampuni ya Monsanto alitafuta kichocheo cha rodiamu chenye kuzaa sura inayotakiwa, na kufikia miaka ya 1970 kiwanda kilikuwa kinakitumia. Mwaka 2001 yeye, Ryoji Noyori na Barry Sharpless walipewa Tuzo ya Nobeli. Wewe usihangaike hivyo. Chukua mmenyuko wao, badilisha kidogo ligandi, ile molekuli inayoishika metali ya kichocheo, toa makala. Kesho badilisha tena.

2. Ipate 99. Asilimia 82 ya sura inayotakiwa haimshtui mhariri. Basi zao lako liyeyushe, liache ligande, upime fuwele peke yake. Mara nyingi sura moja itakuwa imezidi zaidi. Au lipitishe kwenye safu ya silika, kisha uchague chupa zilizotoka vizuri. Hata silika ya kawaida inaweza kugawa sura hizo kwa uwiano tofauti, ya mwanzo na ya mwisho zisilingane. Halafu nyamaza, usiandike ulichofanya.

Njia hii inafanya kazi, na ndiyo inayoniuma kuliko zote. Sifa iliyokuwa ya fuwele umempa kichocheo. Mwanafunzi wa mbali atanunua ligandi yako kwa ruzuku yake ndogo, atapata 82 ileile, na atalala akiamini mikono yake mibovu.

3. Ukiwa na haraka zaidi, tia mwenyewe. Mwaka 1994 jarida la Angewandte Chemie lilichapisha kazi kutoka Bonn, Ujerumani, iliyodai kwamba uga wa sumaku peke yake unaweza kuufanya mmenyuko uzae karibu sura moja tu. Fikiria uzito wake! Wanasayansi wamejiuliza kwa miaka mingi uhai ulichaguaje sura moja na kuiacha nyingine, na hapa jibu lilikuwa sumaku. Maabara nyingine zikajaribu, zikatoka mikono mitupu. Ikabainika kwamba mtafiti mmoja alikuwa akitia kwa siri molekuli za sura iliyotakiwa. Makala ikaondolewa. Umaarufu aliupata kweli, na haukumaliza mwaka.

4. Lisha h yako. Mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo hiki mwaka 2005: h ya 30 maana yake una makala 30, kila moja imetajwa angalau mara 30. Usitawanye nguvu. Zitafute makala zako zilizobakiza kidogo kuvuka mstari, uzitaje wewe mwenyewe katika kila unachoandika. Andika na mapitio ya fani nzima. Watu hunukuu mapitio wakaziacha kazi za asili. Namba itapanda, na hakuna mgonjwa hata mmoja atakayepata dawa safi zaidi kwa sababu yake.

5. Jifunze kuanguka. Hapa sina njia ya mkato, lakini nina mfano. Frances Arnold alipata Nobeli mwaka 2018 kwa kazi yake ya kuvielekeza vimeng'enya vibadilike. Mwaka uliofuata kundi lake likachapisha katika jarida la Science makala kuhusu kutengeneza molekuli ziitwazo laktamu kwa vimeng'enya. Matokeo hayakuweza kurudiwa, na katika daftari la maabara kumbukumbu na data ghafi za majaribio muhimu hazikuwemo. Januari 2020 akatangaza mwenyewe hadharani kwamba anaiondoa. Aliomba radhi na kusema alikuwa na shughuli nyingi, hakuifanya kazi yake ipasavyo.

Ukifikwa na kosa, fanya hivyo, na fanya upesi. Yule mwanafunzi wa mbali bado anapima 82, na barua yako moja inaweza kumwokolea miezi.