Sifa za Bati Linalovuja

Washairi wa pwani waliusifu mnazi kuanzia kuti hadi mzizi. Bati linalovuja halijapata hata ubeti mmoja, na hiyo ni dhuluma, hasa kwa yale mabati ya Changanyikeni, Msewe na Ubungo Kibangu yanayowahifadhi wanachuo wa Dar es Salaam waliokosa hosteli.

Ni mwadilifu: hulilowesha godoro la mwanafunzi wa udaktari sawa na la mwanafunzi wa ualimu. Ni mwaminifu pia. Masika ya Machi hadi Mei halikosi zamu, na vuli ikianza liko kazini.

Lakini fahari yake kuu ni elimu. Huanza na fizikia. Maji hupenya kwenye msumari uliolegea, yakatambaa kwenye mbao za kenchi, yakapumzika juu ya singibodi hadi doa la rangi ya chai litokee, ndipo yadondoke mahali pasipo na tundu lolote. Anayeziba juu ya kitanda chake hugundua kwamba alimzibia jirani. Inafuata hesabu: tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Kisha muziki, kwa kuwa sufuria huimba sauti ya kwanza na ndoo ya plastiki hushika besi. Kisha usanifu: kitanda mlangoni, meza juu ya kitanda, kompyuta ndani ya mfuko wa rambo, ule uliopigwa marufuku mwaka 2019 na kufichwa kwa ajili ya kazi hii tu.

Shahada ya uzamili ni ya sheria. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinamtaka aliyepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta za nje na mifereji mikuu, na chumba kifae kukaliwa na binadamu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Wajibu huo upo hata kama mkataba haukuutaja. Nao mkataba wenyewe, karatasi moja, hukataza wageni, kelele na kupigilia misumari ukutani. Kuhusu misumari ya paa, kimya.

“Fundi anakuja kesho.” Fundi gani huyo? Ameshazaliwa? Mwenye nyumba alipopokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo hakusema kesho. Dalali naye hakusubiri jua litoke ndipo achukue chake cha mwezi mmoja. Isitoshe, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye manunuzi ya umeme wa LUKU, siku hizi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kisheria ni deni la mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Kurudishiwa ni jambo la “kuelewana”. Basi mwanachuo anamlipia mwenye paa kodi ya paa linalomlowesha!

Tuwe na adabu, sifa zinaendelea. Bati hufundisha pia subira ya kiserikali. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo, lakini muhula ni miezi michache, na anayeshitaki leo kesho huambiwa chumba kinahitajika na mtoto wa mwenye nyumba. Kwa upande wa vyuo, mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata hosteli za kulaza wanafunzi 3,840. Waliobaki walikabidhiwa kwa dalali. Vyuo huchungulia vyeti vya kidato cha sita hadi mhuri. Orodha ya nyumba zilizokaguliwa paa ingekuwa kazi ya wiki chache kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi.

Badala yake vyumba huonyeshwa Septemba, jua likiwaka, kuta zikiwa na rangi mpya. Dalali humgeukia mzazi aliyetoka Singida na kumhakikishia kwamba hapa, mzee, maji hayakatiki.