Jinsi ya Kubadili Koni za Pikipiki Uani, Mbele ya Majirani Wote

Pikipiki ikianza kugonga "ko!" kila unaposhika breki ya mbele, mitaani kuna tiba mbili maarufu. Ya kwanza ni kuongeza sauti ya redio. Ya pili ni kukaza nati ya juu hadi usukani uwe mgumu kama lango la gereza. Tiba zote mbili ni uzembe. Koni zilizochimbika hazikazwi, hubadilishwa, na kazi hiyo anaiweza nyumbani kwake mtu yeyote mwenye spana, subira na siku nzima ya mapumziko.

Kwenye Boxer, TVS na pikipiki nyingi za bodaboda, usukani huzungukia gololi za chuma zilizopangwa safu mbili, moja juu na moja chini ya shingo ya fremu. Kila safu imekaa kati ya kikombe kilichopigiliwa ndani ya shingo na koni inayozunguka pamoja na usukani. Safu ya chini ndiyo inayopokea kila tuta na kila shimo. Na kwa kuwa pikipiki huenda imenyooka muda mwingi, gololi hupiga palepale kila siku, grisi inakimbia, vishimo vinachimbika. Mwaka 1900 mhandisi Mswidi Johan August Brinell alitangaza njia ya kupima ugumu wa chuma: anakigandamiza kwa gololi ngumu, kisha anapima alama iliyobaki. Barabara zetu zinaendesha kipimo hicho usiku na mchana, na koni yako ndiyo inayopimwa.

Kwanza, hakikisha mgonjwa ni koni

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, weka kreti imara chini ya injini, tairi la mbele liwe hewani. Shika shokapu zote mbili kwa chini, vuta na sukuma. Ikicheza kwenye shingo, koni zimelegea au zimekwisha. Halafu zungusha usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukinasa katikati, hivyo ni vishimo, na hakuna nati duniani inayoziba shimo la chuma. Yumbisha pia tairi lenyewe kwa pembeni, maana beringi za tairi zilizochoka husingiziwa kuwa koni, na mwenye pikipiki akalipia kosa lisilokuwepo.

Pili, nunua seti nzima

Seti ni vikombe viwili, koni mbili na gololi zake. Anayenunua gololi mpya na kuziweka kwenye vikombe vya zamani ananunua ugonjwa uleule kwa bei nafuu. Nenda dukani na jina kamili la pikipiki yako, na ukiweza, na koni ya zamani mkononi. Ziko pia seti za beringi za roli zenye umbo la pia, aina ambayo Henry Timken alipata hataza yake Marekani mwaka 1898. Hizo hudumu zaidi kwa sababu roli hugusa chuma kwa mstari mrefu, na gololi hugusa kwa nukta. Zinunue kama kuna zinazoingia sawasawa kwenye fremu yako. Kama hakuna, gololi nzuri zenye grisi nzuri zinatosha kabisa.

Tatu, andaa uwanja

Tandika kitambaa cheupe chini ya shingo ya pikipiki. Ukifungua nati ya usukani, gololi zitamwagika, na zikimwagika uani zitapata wenyewe: watoto, ambao kwao gololi ya chuma ni hazina isiyorudishwa. Piga picha za waya zote kwa simu kabla hujagusa chochote. Majirani watakuja, kila mmoja na ushauri wake. Wasalimie, wape viti, na mwenye mikono imara mpe kazi ya kushika shokapu. Mwenye kusema "kaza tu, itakaa" mpe kazi ya kuhesabu gololi, safu ya juu peke yake na ya chini peke yake. Hesabu hiyo utaihitaji.

Nne, fungua

Toa tairi la mbele, madigadi, kisha shokapu. Kama breki ni ya diski, ifunge kwa kamba isining'inie kwenye bomba lake la mafuta, na usiminye mkono wa breki wakati diski haipo. Usukani ulaze juu ya tangi lililofunikwa blanketi, waya zikiwa mahali pake. Fungua nati ya juu, ondoa bamba linaloshika shokapu, halafu fungua nati ya meno kwa spana yake ya kulabu huku mtu ameshikilia kwa chini shina la usukani, lile linalopita ndani ya shingo. Wanaotumia tindo na nyundo kwenye nati hiyo huacha meno yaliyolika, na fundi wa baadaye huwataja kwa majina mabaya, tena kwa haki.

Vikombe hutolewa kwa chuma kirefu kinachopitishwa upande wa pili wa shingo. Gonga kidogo kushoto, kidogo kulia, kikombe kitoke kimenyooka. Koni ya chini hung'ang'ania shina. Iinue kidogo kidogo kwa tindo pande zote. Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa na ukaushe.

Tano, weka mpya

Vikombe vipya viwe vimelala ndani ya friza tangu usiku uliotangulia. Chuma kikipoa husinyaa, na kusinyaa kidogo tu kunarahisisha kuingia. Weka kikombe cha zamani juu ya kipya na ugonge hicho cha zamani. Nyundo isiguse kabisa njia ya gololi. Kikifika mwisho, mlio hubadilika, unakuwa mzito na mkavu. Koni ya chini isukume kwa bomba linalogusa ukingo wake wa ndani tu.

Paka grisi isiyoogopa maji, tena kwa ukarimu. Grisi hiyohiyo itazishikilia gololi mahali pake wakati unapandisha shina. Rudisha idadi uliyohesabiwa. Ikibaki nafasi ndogo kwenye safu, iache. Kulazimisha gololi ya ziada kunazifanya zisuguane.

Sita, kaza kwa akili

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kaza nati ya meno hadi usukani uwe mzito kidogo, uzungushe mwisho hadi mwisho mara kadhaa ili gololi zikae, kisha ilegeze. Kaza tena taratibu, uishie pale ambapo shina halichezi na usukani unaanguka wenyewe kushoto au kulia ukisukumwa kwa kidole. Pikipiki hukaa wima kwa masahihisho madogo ya usukani, mengine hata dereva hayatambui. Usukani uliokazwa mno unayazuia, na pikipiki inayumba kama ya mlevi hata kama dereva hajaonja kitu.

Ukisharudisha bamba, nati ya juu, shokapu, madigadi, tairi na usukani, pima upya, kwa sababu nati ya juu huongeza mkazo chini yake. Waya zikivuta usukani, zipange vizuri kwanza, usije ukailaumu koni.

Saba, jaribu peke yako

Zunguka mtaani polepole bila abiria wala mzigo, ukishika breki ya mbele kwa upole, halafu kwa nguvu zaidi. Baada ya wiki ya kazi, pima tena. Koni mpya hukaa, na nafasi kidogo hujitokeza. Na usielekeze maji ya presha kwenye shingo unapoosha, maana maji huingia na grisi hutoka.

Kama baada ya haya yote usukani bado unanasa au unacheza, usirudi kwenye tiba za mtaani. Fungua upya, au mpelekee fundi unayemwamini na ukae umwangalie. Abiria hana namna ya kukagua koni zako kabla ya kupanda. Anakaa nyuma yako na mtoto wake mapajani, basi. Wabadilishie koni kabla hujawapakia.