Mwongozo wa Kumlipa Askari Mguu Wake

Mheshimiwa uliyeteuliwa kwenye kamati ya kurekebisha fidia ya wanajeshi waliolemaa, mwongozo huu ni wako. Hatua ya kwanza: usiende Naivasha. Najua ukumbi wa hoteli umeshalipiwa na chai ya saa nne imeshaagizwa. Vunja mpango huo, kisha tafuta tangazo la jeshi la kuandikisha makurutu. Soma sehemu ya vipimo mpaka ufike kwenye uzito. Mwanamume asipungue kilo 54.55. Jeshi linalojali gramu za kijana ambaye hajavaa buti hata siku moja lina uwezo wa kupima chochote likitaka.

Siku ya kuandikisha ikifika, nenda uwanjani, Bungoma au Kitale, ukasimame pembeni. Kunapopambazuka vijana wameshapanga foleni na bahasha zao za kaki. Wanakimbia, wanavua mashati, wanapanua midomo meno yahesabiwe. Daktari anainama kutazama nyayo kama ni bapa. Anamwambia kijana anyooshe mikono, akunje vidole kimoja kimoja. Akiona kovu kubwa, anauliza limetoka wapi. Nje ya ua akina mama wanangoja, leso zimefungwa kiunoni, kigelegele kiko tayari kooni.

Tazama vizuri, maana kazi yako yote iko hapo. Afisa, daktari, mizani, meza na muhuri vimemfuata kijana alipo. Hakuna aliyemtuma Nairobi kuthibitisha kwamba ana miguu miwili. Basi andika pendekezo lako la kwanza: shughuli ya kuandikisha ikiisha, daktari huyo na meza hiyo vibaki siku mbili zaidi, kuwapima waliorudi bila mguu, bila jicho, bila kusikia. Gari limeshakuja, mafuta yameshalipiwa.

Wenzako wa kamati wakisita, wapeleke safari. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 380. Wakae kiti cha nyuma cha matatu, juu ya gurudumu, mguu mmoja umenyooshwa kwa muda wote wa safari. Wapite Moi's Bridge, Eldoret na Burnt Forest, wafike Timboroa usiku wa manane, pale baridi inapopenya kwenye kigutu na mtu anakisugua kwa kiganja huku abiria wenzake wamelala. Alfajiri washuke mjini na magongo yao, watafute njia hadi Bima House, iliko Idara ya Pensheni. Wakiambiwa faili iko Wizara ya Ulinzi, waende huko. Wakiambiwa warudi wiki ijayo, warudi Kitale, halafu waje tena. Kila mmoja ajilipie nauli kwa pensheni ya koplo. Baada ya hapo itisha kura.

Watakuja na neno lao la siku zote, kwamba serikali haina uwezo. Waonyeshe Kitale yenyewe. Mji huu ulikua kwa fidia ya wanajeshi. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi askari wa Kizungu waliotoka kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Kura za mashamba zilichezeshwa Theatre Royal, Nairobi, na nyingine London. Mashamba yalipita 1,000, na mengi yalikuwa huku Trans Nzoia. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale kusafirisha mazao yao. Hata walemavu walikumbukwa: maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani walitengewa ekari 25,000 Kericho, katika ardhi ya Wakipsigis, walime kitani. Bei ya kitani ilianguka na mradi ukafa mapema. Lakini ona kasi yenyewe. Vita vilikwisha Novemba 1918, na mwaka uliofuata ardhi tayari inachezeshewa kura.

Sharti la mpango huo lilikuwa kwamba mtu awe wa asili halisi ya Kizungu. Waafrika waliobeba risasi na posho za jeshi hilo hadi Tanganyika, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa kuhara, malaria na njaa, hawakupata hata robo ekari. Waliorudi wazima walikuta kipande, kile kitambulisho cha lazima, kinawangoja, wakakivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Vita vya Pili vilipokuja, vijana wa Keya (King's African Rifles) walipelekwa Burma, na Februari 1944 zaidi ya watu 1,200 walizama na meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha, bakshishi ya kuaga jeshi ilipangwa kwa rangi: nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba Mzungu aliweza kupata karibu mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Ninaandika haya kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Nchi hii imejua kulipa wanajeshi, na kuwalipa upesi, kwa zaidi ya miaka 100. Swali lilikuwa nani alipwe.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo madai mengi yanapofia. Askari aliyelemaa huambiwa alete ushahidi kwamba aliumia kazini. Ushahidi huo uko wapi? Uko kwenye daftari la kikosi, kwenye rekodi ya ndege iliyomtoa kambini, kwenye faili ya hospitali ya jeshi alikokatwa mguu. Yote hayo yako mikononi mwa yule anayemdai ushahidi. Andika kanuni mpya yenye sentensi moja: mtu aliyepimwa uwanjani akaandikwa mzima, akatoka jeshini mlemavu, achukuliwe kuwa ameumia kazini mpaka jeshi lithibitishe vinginevyo. Marekani walifanya jambo linalofanana na hilo Agosti 2022, walipopitisha sheria inayoitwa PACT. Askari aliyehudumu karibu na mashimo ya kuchomea taka kule Iraki au Afuganistani akapata moja ya magonjwa yaliyoorodheshwa, hatakiwi tena kuthibitisha kwamba moshi ndio uliomharibia mapafu. Kwetu orodha ianze na sikio la mpiga mizinga na mgongo wa dereva wa lori la jeshi.

Na iwe na El Adde. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu ilivamiwa na al-Shabaab huko Somalia, na mwaka uliofuata, tarehe 27 Januari, ikawa zamu ya Kulbiyow. Idadi kamili ya waliokufa El Adde serikali haikuitangaza. Walionusurika wako miongoni mwetu. Ukimwona mwanamume wa miaka thelathini na kitu kwenye soko la Chwele akichutama ghafla kwa sababu gurudumu la lori limepasuka, usicheke, na usimwite mlevi. Daktari anayehesabu viungo hatamwona kuwa mlemavu, kwa sababu viungo vyote vipo. Pendekezo lako liseme kwamba kila meza ya kupimia iwe na mtaalamu wa afya ya akili, tena aketi na kila askari, aliyeomba na asiyeomba. Wengi hawataomba. Jeshini walifundishwa kwamba kuomba ni unyonge.

Mjane pia usimsahau. Huyu huambiwa alete cheti cha kifo, barua ya chifu, hati ya kiapo ya ndoa, vitambulisho vya mashahidi, na kila karatasi ina fotokopi yake na nauli yake. Mume akiwa amepotea vitani bila mwili kupatikana, kanuni ya jumla ya Sheria ya Ushahidi ni kwamba mtu asiyesikika kwa miaka 7 ndiye anayehesabiwa kuwa amekufa. Miaka 7 ni mtoto aliyezaliwa mwaka ule yuko darasani. Taarifa iliyotiwa sahihi na kamanda wa kikosi itoshe kumlipa mjane, na kama kuna utata wa koo mbili au wake wawili, mgao ujadiliwe huku watoto wanakula.

Jedwali la asilimia, lile linaloamua mkono ni sehemu gani ya mtu na jicho ni sehemu gani, libandikwe ukutani kwenye Huduma Centre za Kitale na Bungoma, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee mwenye jicho moja anaweza kuzisoma. Halmashauri ya madaktari wa jeshi ikimaliza kumpima mtu, apewe nakala ya ripoti papo hapo. Hospitali ya rufaa ya kaunti ikishampima kwa ajili ya usajili wa walemavu, kipimo hicho kikubalike jeshini pia. Mguu ni ule ule.

Mheshimiwa, kazi yako imeishia hapo. Yanayofuata ni ya jamaa wa askari, maana kamati huchukua muda. Dada, kaka, mke, mtoto: andikeni barua kuomba nakala ya ripoti ya madaktari na hesabu ya malipo. Taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Andika namba ya jeshi ya askari wako juu kabisa, kabla ya jina. Ipeleke na nakala, na usiondoke mapokezi mpaka nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Kuanzia tarehe hiyo ofisi ina siku 21 za kujibu. Siku ya 22, kama kimya, peleka nakala yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, na anza kuhesabu upya.