Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Rukoki, wilayani Kasese. Uniwie radhi kukuchukulia muda, nami najua uzito wa majukumu yako. Nimethubutu kufanya hivyo kwa kuwa elimu na michezo, hapa Uganda, vyote viko mikononi mwako.

Tangu 2022 mbio za Rwenzori Marathon hufanyika hapa Kasese, na vijana wetu wameona kwamba miguu humtoa mtu kijijini. Wengine wanawaza mbali zaidi: leo mwanamichezo, kesho mbunge. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Aliyejipatia jina kwa jasho lake hana haja ya kulinunua kwa sabuni na chumvi wakati wa kampeni.

Ila Katiba yetu, ibara ya 80, inamtaka mbunge awe amemaliza kidato cha sita au elimu inayolingana nacho. Hapo ndipo wanapokwama. Mvulana aliyepewa basari ya mpira hutolewa darasani kila mashindano yanapokaribia. Muhula unakwisha, daftari lake la hesabu lina kurasa nne tu zilizoandikwa. Goti likiumia, basari inakatwa, na cheti hana.

Niruhusu, Mheshimiwa, nimtaje jirani yetu Wesley Korir wa Kenya. Riadha ilimfikisha Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani, akasoma biolojia. Mwaka 2012 alishinda Boston Marathon katika joto kali. Machi 2013 watu wa Cherangany wakamchagua mbunge, mgombea binafsi asiye na chama cha kumbeba. Mwanasoka George Weah wa Liberia alipita pagumu zaidi. Mwaka 2005 aligombea urais akashindwa, huku wapinzani wakimsema hana elimu. Mchezaji bora wa dunia wa 1995 akarudi darasani, akapata shahada, na Januari 2018 akaapishwa kuwa rais.

Ombi langu ni moja, nalileta nikiwa nimepiga magoti. Tafadhali agiza kwamba mchezaji wa basari asisajiliwe kwa mashindano mpaka mahudhurio yake darasani yakaguliwe, na kwamba akiumia asomeshwe hadi mtihani wa mwisho. Ofisi za wilaya zipo hapa hapa Rukoki. Ukaguzi unaweza kuanza muhula ujao.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Rukoki, Kasese