Waraka kwa Mheshimiwa Aliyenakili Daftari Letu

Kondele, Kisumu

Mheshimiwa,

Sisi mafundi wa masanduku ya bati tunakushukuru tena kwa ziara yako. Ulikaa nasi juani muda mrefu kuliko mkubwa yeyote aliyewahi kupita hapa, ndiyo maana ahadi zako zote tulizisikia vizuri.

Uliahidi ubao wa matangazo wa kutupasha habari za soko la Uganda kila wiki. Ubao ulifika, mzuri, wenye kioo na kufuli. Karatasi iliyomo ni ile ya siku ya uzinduzi, yenye picha yako. Thamani ya shilingi ya Uganda bado tunawauliza makondakta wa magari ya Busia, na hawajawahi kutunyima jibu.

Ulitueleza pia, kwa Kiingereza fasaha, kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 huweza kuvuka mpaka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Orodha ukasema utatuletea kwa Kiswahili na Kijaluo. Tunaingoja. Tena mzee wetu wa karakana alikuuliza: sanduku lililoundwa Kondele kwa bati la ng'ambo, ni la Kenya au si la Kenya? Uliliandika swali lake kwa mwandiko wa kupendeza. Kanuni za asili ya bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki za mwaka 2015 hutazama malighafi imegeuzwa kiasi gani na imeongezewa thamani gani, basi fundi anapaswa kujua atunze risiti zipi. Wengi wetu risiti za bati huwashia jiko. Somo la asubuhi moja lingetosha, nawe ulitutajia hadi tarehe.

Lakini lililonishikisha kalamu ni daftari. Unalikumbuka: jalada jeusi, kurasa za wateja wetu wa Mbale, Uganda, zimeingia rangi ya mafuta. Kila mstari una jina la mteja, namba ya simu inayoanza na 256, kipimo cha sanduku kwa inchi, bei ya bati siku hiyo, na deni. Hiyo ndiyo mali yetu ng'ambo ya mpaka; ofisi hatuna huko, wala wakala. Ulilisifu mbele ya watu wote, ukaomba kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa ili ututafutie soko kubwa zaidi. Tulikukubalia kwa sababu uliomba kwa adabu.

Baadaye wateja wetu wa Mbale walianza kupigiwa simu na dalali aliyejua vipimo vyao na madeni yao. Sisemi alivipata kwako. Nasema nje ya karakana hii, kurasa hizo zilikuwa kwako peke yako.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje. Kwa unyenyekevu, tuandikie picha zile zimehifadhiwa wapi, nani amezifungua, na lini zitafutwa. Wateja wa Mbale nao wanauliza, na wao tumewaahidi jibu kwa jina lako.

Jibu mpe katibu wetu mkononi. Daftari analo yeye, na siku hizi halitoi kwa mgeni.

Wako mtiifu,
Fundi wa masanduku, Kondele