Chakula cha Mashine ya Shemeji

Katika mahasimu wote wanaomwandama mtu wa pwani tangu siku ya kuzaliwa kwake, simjui aliye na subira kuliko unyevu. Mvua hupiga hodi juu ya bati, na kusi hutangaza safari yake ingali baharini, lakini unyevu huingia nyumbani pasipo kubisha, na siku mwenye nyumba anapoutambua huwa umekwisha kula chumvi mtungini, viatu mvunguni, na majalada ya vitabu vya marehemu babu. Kwetu Tanga chumvi ya masika hutiwa punje za mchele, na udi huhifadhiwa katika kopo la kifuniko cha kubana, wala hapana aliyepata kuyaita mambo haya elimu.

Nayasema haya kwa sababu shemeji yangu, mume wa dada yangu, mzaliwa wa Lamu na mkaazi wa Houston katika jimbo la Texas, aliyasahau yote siku aliyonunua mashine ya kubanika nyama kwa moshi. Houston nako ni pwani. Ghuba ya Meksiko i karibu, fukuto la Julai ni lile lile tulijualo, na unyevu wa hewa asubuhi hukaribia asilimia 90, hata miwani ya mtu atokaye katika nyumba yenye kiyoyozi huingia ukungu kabla hajalifikia lango.

Mashine yenyewe, kwa insafu, ni ya ajabu. Haitaki magogo wala makaa. Hula peleti, yaani vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, unene wake milimita 6 hivi, visivyokuwa na gundi ya dukani ndani yake, kwani unga hupashwa moto na kusukumwa kwa nguvu katika matundu ya chuma mpaka lignini, ambayo ni gundi ya asili ya mti wenyewe, ilainike na kuushika. Wamarekani walizizoea kwa kupashia nyumba joto baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 bwana mmoja wa Oregon, Joe Traeger, akaona kuwa moto huo waweza pia kupika nyama. Peleti hutiwa katika sanduku ubavuni. Parafujo ndefu, inayozungushwa kwa umeme, huzisogeza kidogo kidogo hadi kwenye bakuli la moto. Feni hupuliza, na kipima joto huamua ziongezwe au zizuiwe. Mwenyewe hana kazi ila kulala, na likitokea jambo simu yake itamwamsha. Wazee wa Texas, ambao hukesha na kidari cha ng'ombe mbele ya magogo ya mwaloni kwa saa 12 au zaidi, huitazama mashine hii kwa jicho la mtu aliyeambiwa kuwa sala yaweza kuswaliwa kwa uwakili.

Lakini peleti njema ina maji chini ya asilimia 10, na kwa ukavu huo ina kiu isiyo kifani. Ikipata maji huvimba, hupasuka, na kurejea unga ilikotoka. Shemeji, aliyenunua mifuko tele kwa kuwa bei ilikuwa imeshushwa, aliipanga katika banda la gari juu ya sakafu tupu ya saruji, ambayo nayo hupandisha unyevu wa ardhi. Dada yangu akauliza kama haingefaa kutafuta ndoo. Akajibiwa, kwa upole wa mtu aliyekisoma kitabu cha maelekezo, kuwa mfuko ni wa nailoni na nailoni haipitishi maji. Ule mfuko ulikuwa na vitundu vya kupumulia, kitabu hakikuvitaja.

Mkesha wa Idi el-Hajj vidari viwili vikawekwa motoni baada ya isha. Saa tisa za usiku simu ikalia. Shemeji akatoka na kikoi chake, nami niliyekuwa mgeni wao nyuma yake, tukaikuta mashine imepoa, taa yake ikimeta kutupasha habari ambayo mkono ulikwisha kuijua. Peleti zilikuwa zimegeuka rojo ndani ya bomba, rojo likakaukia pale pale kwa joto la bakuli, na parafujo ikashikwa barabara. Dada yangu hakumlaumu. Alisema tu, "Bwana, oveni ipo," akaingia ndani kuiwasha.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ya chini, "haya yasije yakafika Lamu."

"Yatafikaje, shemeji?" nikamjibu.

Vidari vikamalizikia ovenini. Wageni wakavisifu mno, na mzee mmoja wa Kingazija akaomba afunuliwe siri ya moshi ule, naye shemeji akamfunulia kwa kirefu.

Ikabaki mifuko iliyoingia baridi bila kuharibika kabisa. Hapo damu ya pwani ikamrudia shemeji: akatandika majamvi uani, akaanika peleti juani vile waanikavyo karafuu Pemba, akawa akizipindua kwa mkono. Jirani Mmarekani, mtu mstaarabu, akauliza juu ya ua ikiwa ile ni nafaka. Akajibiwa kuwa ni kuni. Akashukuru, akarudi ndani. Bahati mbaya kiangazi cha Houston hupenda radi baada ya adhuhuri, nasi tulikimbia sote, wakubwa kwa wadogo, tukikunja majamvi chini ya matone yaliyotutangulia. Zilizolowa zilitandazwa bustanini, na huko zilifaa sana.

Sasa ndoo zipo, za galoni 5, zenye kifuniko cha kusokota na mpira wa kuzuia hewa. Moja humeza mfuko wa kilo 9. Kabla ya kupika, peleti huvunjwa kwa vidole: ikikatika kwa mlio ni nzima, ikimung'unyuka hutupwa. Baada ya kupika, sanduku la mashine huachwa tupu. Ndoo na kifuniko chake ni sehemu ndogo mno ya bei ya mashine, na zingaliweza kununuliwa siku ile ile.

Hata hivyo shemeji hakuridhika na ndoo. Amezihamishia katika chumba cha wageni, maadamu ndicho chenye kiyoyozi kizuri, na amezipanga ukutani mpaka dirishani. Basi wewe msomaji unayekusudia kuwazuru kati ya Juni na Septemba, tafadhali peleka habari mapema, na uje na mto wako: chumba kina wenyewe, na mgeni hulala sebuleni.